Kona ya Dada: Masikio Mazima, Maneno Hayakamatiki

Wiki hii barua za wachumba na za marejesho ya vikoba nimeziweka kando. Kuna moja imetoka Bagamoyo nataka tuizungumze kwa nafasi, maana naamini wanaoishi na jambo hili ni wengi, na wengi wao wamenyamaza.

Aliyeniandikia ni mama wa miaka 38. Asubuhi hununua samaki mnadani, pale ufukweni karibu na jengo la zamani la forodha, akawakaanga na kuwauza jioni. Anasema: “Dada, sauti naisikia. Nikiitwa najua nimeitwa. Ila maneno yenyewe ndiyo siyapati.” Mnadani injini za boti zinaunguruma, upepo unavuma, dalali anataja bei harakaharaka na watu wanaongea kwa pamoja, yeye hubaki akitazama midomo na vidole vya watu. Kwenye shughuli muziki ukianza, hutikisa kichwa na kucheka wenzake wanapocheka. Nyumbani mama mkwe humwita kutoka uani, naye huitika “Abee”, kisha anasimama palepale kwa sababu hakujua ametumwa nini. Lakini usiku chumbani, wakiwa wawili tu, anamwelewa mumewe kila neno. Ugomvi umeanzia hapo. Mume anasema, mbona mimi unanisikia? Basi wale wengine unawadharau.

Akafunga safari kwenda kupimwa Dar es Salaam. Akavishwa hedifoni, akasikilizishwa milio midogomidogo, akaambiwa masikio yake ni mazima, arudi nyumbani. Akarudi na karatasi, na karatasi hiyo imegeuka ushahidi dhidi yake. Wifi yake aliisoma akasema, si hii hapa, daktari kasema unasikia.

Mdogo wangu, mimi nakuamini. Na karatasi yako haikusema uongo. Ulichokosa ni mtu wa kukukalisha chini akakueleza kipimo kile kilipima kitu gani na kitu gani hakikukigusa.

Kipimo cha kawaida hufanyika kwenye chumba kimya. Unasikilizishwa mlio mmoja mmoja, kuanzia wa chini wa hezi 250 hadi wa juu wa hezi 8,000, na mpimaji anatafuta sauti ndogo kabisa unayoweza kuigundua. Matokeo yanachorwa kwenye audiogramu. Ukiigundua milio yote kwa nguvu isiyozidi desibeli 20 au 25, kutegemea kiwango kinachofuatwa, unahesabiwa kuwa huna tatizo. Ni kipimo kizuri na kila anayeshuku masikio yake aanze nacho. Ila kinajibu swali moja tu: je, sauti inaingia? Swali la kama mtu anaelewa neno lililosemwa na mmoja katikati ya watu kumi, hilo hakiligusi kabisa.

Hizi ni kazi mbili tofauti. Sauti ikifika sikio la ndani, vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa ishara, neva inazipeleka kwenye ubongo, na ubongo unaanza kupambanua: huyu ni mtu anaongea, ile ni injini, yule wa kushoto ndiye anayenisemesha. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Colin Cherry, alichapisha kazi mashuhuri juu ya swali hili hili: inakuwaje mtu anaweza kufuata mazungumzo ya mmoja wakati wengi wanaongea kwa pamoja? Tangu wakati huo imeonekana wazi kuwa uwezo huo hatukugawiwa sawa, na kwamba unaweza kupungua huku milio ya kwenye hedifoni bado inasikika vizuri.

Sikilizeni tunavyoongea wenyewe. “Sita” na “tisa” zina irabu zilezile, kwa mpangilio uleule. S na t tu ndizo zimebadilishana nafasi. Irabu zina nguvu, zinavuka upepo. Sauti kama s, t, f na k ni dhaifu au fupi, na ndizo za kwanza kumezwa na kelele. Kwa hiyo elfu sita na elfu tisa mnadani zinaweza kumfikia mtu zikiwa kitu kimoja. “Nitakuja” na “sitakuja” zinaachana kwa sauti moja ya mwanzo, na sauti hiyo moja ndiyo inayobeba ahadi au kukataa. Anayesikiliza namna hii ni kama mvuvi mwenye wavu wa matundu makubwa: nguru wanabaki, dagaa wote wanapita. Kisha ubongo unalazimika kubahatisha kilichopita, na kubahatisha kutwa nzima kunachosha. Wengi wenye shida hii hufika jioni wakiwa wamechoka kupita kazi waliyoifanya, na nyumbani wakaitwa wakali.

Chumbani unamwelewa mumeo kwa sababu kuna kimya, yuko karibu, sauti yake umeizoea kwa miaka, na mara nyingi unajua kabla anachotaka kusema. Hilo halina uhusiano wowote na nani unampenda na nani unamdharau. Naomba shemeji asomewe aya hii.

Jambo hili halikuchunguzwa Ulaya na Marekani peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzao wa Dartmouth nchini Marekani, waliwapima mamia ya watu wazima hapo Dar es Salaam, wenye virusi vya Ukimwi (VVU) na wasio navyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Ear and Hearing. Wenye VVU walilalamika zaidi kwamba kusikia kunawapa taabu, lakini walipopimwa kwa milio, hawakuachana na wenzao kwa kiasi cha kueleza malalamiko hayo. Tofauti ilijitokeza kwenye kipimo cha aina nyingine. Mtu anasikilizishwa mvumo, katikati yake linawekwa pengo la kimya la milisekunde chache, anaulizwa kama amelisikia. Wenye VVU walihitaji pengo refu zaidi ndipo walitambue.

Mtu anaweza kusema, pengo dogo hivyo linanihusu nini? Tamka “kata” polepole. Kabla ya ile t, pumzi inazibwa na sauti inakatika kidogo sana. Maneno yetu yamejaa mapengo ya namna hiyo, na ubongo unaochelewa kuyatambua unapokea maneno yaliyogandana. Baadaye watafiti hao walitumia pia kipimo cha tarakimu tatu zinazotajwa kwa Kiswahili ndani ya kelele, mtu arudie alichosikia, wakaona kwamba matokeo ya vipimo vya aina hii yanaendana na matokeo ya majaribio ya umakini na kumbukumbu. Yaani kusikiliza kwenye kelele kunaweza kuwa dirisha la kuonea namna ubongo unavyofanya kazi.

Hapa nisieleweke vibaya, maana najua uvumi unavyosafiri kutoka Mlingotini hadi Tegeta kabla ya adhuhuri. Simaanishi kwamba asiyeelewa maneno kwenye kelele ana VVU. Wengi wenye shida hii hawana. Ninachosema ni kwamba watu wa hapa kwetu walilalamika, kipimo cha kawaida kikakosa cha kuonyesha, na kipimo sahihi kilipoletwa lalamiko lao likaonekana ni la kweli. Na wewe unayehudhuria kliniki ya VVU, yaani CTC, ukiona maneno yanakuponyoka siku hizi, mwambie mhudumu wako kama unavyomwambia habari ya kichwa au tumbo. Dawa zako usiache hata siku moja kwa sababu ya makala hii.

Chanzo kingine ni kelele, na pwani yetu tumeizoea mno. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walionyesha jambo lililowashtua wataalamu wa masikio. Waliwaweka panya kwenye sauti ya desibeli 100 kwa saa mbili. Baada ya siku chache panya wale walipimwa wakaonekana wamepona, wanasikia milio kama zamani. Lakini walipochunguzwa ndani, sehemu kubwa ya viungio kati ya vinywele vya sikio na neva, hata kufikia nusu katika baadhi ya maeneo, ilikuwa imepotea na haikurudi. Kwa binadamu wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani jambo hilo linaeleza shida ya kuelewa maneno, na mimi sitawatangulia. Ila kwangu linatosha kunifanya nisikubali tena ile kauli yetu ya “masikio yalivuma tu, kesho yake yakatulia”. Kutulia si ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika.

Fikirieni kijana anayekaa pembeni ya injini ya boti usiku kucha. Mwendesha mashine ya kusaga. Kondakta wa daladala ya Mwenge aliyekaa chini ya spika tangu alfajiri. Kigodoro kinachopigwa mtaani mpaka kunakucha, watoto wachanga wamelala nyumba ya pili. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda muda unapungua kwa kasi sana: ikifika desibeli 100 ni kama dakika 20 tu kwa wiki nzima. Spika za shughuli zetu zinaweza kufika huko bila taabu, na shughuli haziishi kwa dakika 20.

Na kuna baruti. Hili nalisema nikiwa na uchungu. Mwaka 2015 watafiti waliosafiri kando ya pwani ya Tanzania wakiwa na maikrofoni za chini ya maji walinasa milipuko zaidi ya 300 ya uvuvi wa baruti, mingi ikiwa si mbali na Dar es Salaam. Juhudi za serikali zilizofuata zilipunguza sana janga hilo. Tulizungumza mno juu ya matumbawe na samaki, na ilikuwa haki. Lakini nani alimuuliza mzamiaji, aliyekuwa majini wakati mlipuko unapiga, kama leo anaelewa anachoambiwa msikitini? Nyumbani kwake pengine wanasema mzee amekuwa mbishi.

Vyanzo vingine nitavipita haraka. Umri: kuanzia miaka ya 40 na 50 uwezo wa kuchambua maneno kwenye kelele huanza kushuka, hata kwa mwenye audiogramu nzuri. Ajali ya bodaboda iliyokupiga kichwa, hata kama uliinuka ukatembea. Usingizi mbaya, sonona, mawazo mazito. Lugha pia: mtu akisikiliza lugha asiyozaliwa nayo, kelele humwumiza zaidi, na hili wanalijua ndugu zetu walioko Muscat kwenye Kiarabu cha ofisini, kama anavyolijua muuguzi aliyekuja kikazi Bagamoyo akiwa amekulia lugha nyingine. Kuhusu dawa, baadhi ya sindano za kifua kikuu zilizotumika zamani, kama streptomaisini, na jentamaisini inayotolewa kwa maambukizi makali, zinaweza kuumiza sikio la ndani. Mpimaji aambiwe kama uliwahi kuzipata. Na kabla ya yote hayo, mtu atazamwe kama ana nta iliyoziba au usaha. Nta isitolewe kwa njiti ya kiberiti.

Ila kinachoniuma zaidi kwenye barua ile ni salamu. Pwani mtu hupimwa kwa salamu. Mtoto anakuamkia kwa sauti ndogo nyuma ya kelele za pikipiki, hukumjibu marahaba, anakwenda kumwambia mama yake. Mzee anakuuliza habari za nyumbani, unamjibu “ndiyo”. Ikitokea hivyo mara tatu wameshakupa jina: ana maringo, pesa ya samaki imempanda kichwani. Mama huyu ameacha kwenda kikao cha kikundi chake. Ameacha kukaa mkekani na wenzake wakati wa futari, kwa sababu watu wakizunguka sinia wote huongea kwa pamoja. Anajitenga kidogokidogo, na waliomzunguka wanaona kujitenga huko ndiyo kiburi chenyewe. Huu ni uonevu, hata kama hakuna aliyeukusudia, na nyumba inaweza kuukomesha leo bila kusubiri kipimo chochote.

Haya, tufanye nini?

Mdogo wangu, rudi hospitali. Najua nauli ya kwenda Dar es Salaam na siku nzima bila samaki ni gharama, kwa hiyo anza na hospitali ya wilaya hapo Bagamoyo, uombe rufaa ya idara ya masikio, pua na koo. Muhimbili, ambako tangu mwaka 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu kwa viziwi, ni mahali pa kuuliza. Chukua karatasi ya kwanza, usiifiche. Na usiseme tena “sisikii”, kwa sababu ukisema hivyo watarudia milio ileile. Sema: “Kwenye kimya naelewa, kwenye kelele sielewi. Naomba nipimwe kwa maneno, na kwa maneno ndani ya kelele.” Kama hawana kipimo hicho, uliza ni wapi wanaweza kukuelekeza. Waambie dawa ulizowahi kutumia, ajali, kelele za kazini, sukari na presha kama unazo, na kama masikio yanavuma.

Kabla ya kwenda, fanya zoezi moja nyumbani. Mwambie mwanao akae nyuma yako, redio ikiwa imefunguliwa, akutajie tarakimu tatutatu bila mpangilio, sita na tisa zikiwemo. Andika unachosikia. Kisha redio izimwe, arudie. Zoezi hili halitakupa jina la ugonjwa, lakini karatasi mbili zenye makosa tofauti zitamwonyesha daktari unachokisema, na zitamwonyesha mumeo pia.

Matibabu? Dawa ya kumeza ya kuponya shida hii kwa ujumla hakuna, na anayekuuzia matone ya miujiza sokoni muepuke. Kinachosaidia wengine ni vifaa vyepesi vya masikio, au maikrofoni ndogo anayovaa mzungumzaji ikaleta sauti yake moja kwa moja sikioni, au mazoezi ya kusikiliza chini ya mtaalamu. Vifaa hivyo ni ghali, usivinunue kwa kubahatisha. Mengi mengine ni mpangilio wa maisha. Mnadani simama mahali unapouona uso wa dalali, upepo uwe nyuma yako, na bei uirudie kwa vidole kabla ya kutoa pesa. Usiulize “unasemaje?”, maana atarudia yote kwa haraka ileile. Rudia ulichokipata: “Umesema elfu sita fungu hili?” Atakujibu kwa neno moja. Kwenye kikundi omba kikao kifanyike ndani, mkekani, penye mapazia. Kuta tupu za saruji na bati huirudisha sauti na kuivuruga, kitambaa hupunguza mwangwi. Kaa ukutani, ukiwatazama watu mbele yako penye mwanga. Midomo ya mtu inakusaidia kuliko unavyodhani. Ndiyo maana umeme ukikatika usiku unajiona unapotea zaidi kwenye mazungumzo.

Nyumbani nako wana sehemu yao. Mama mkwe, usimwite mke wa mwanao kutoka uani. Mtume mtoto amguse bega, au msogelee. Mtaje jina kwanza, subiri akutazame, ndipo useme. Msimpigie kelele. Kupaza sauti hukuza irabu ambazo tayari anazisikia, na zile sauti ndogo hazipati nafuu. Asipoelewa, badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale. Na jamani, ile “basi, haikuhusu” mnayomwambia akiuliza mara ya pili, iacheni kabisa.

Kuna hali mbili ambazo hazisubiri barua kwangu. Sikio moja likizima ghafla, ndani ya saa chache au siku moja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Tiba huwa na nafasi nzuri zaidi ikianza mapema. Na mtu ambaye ghafla haelewi anachoambiwa hata penye kimya, au maneno yake yanatoka ovyo, au mdomo umepinda, huyo anaweza kuwa amepata kiharusi. Apakiwe kwenye gari mara moja.

Wewe uliyeniandikia, karatasi uliyonayo inasema sauti inaingia, na hilo ni jema. Kwenye kliniki ya pili nenda na mumeo, asikie mwenyewe anachoelezwa mtaalamu na anachojibu. Rudi kikaoni, uwaambie wenzako waziwazi: nikikaa kimya hamjaniudhi, sijawapata, nirudieni. Na nyie mnaokaa na mtu wa namna hii, leo jioni kabla hamjamsemesha, zimeni redio.